RIMU HAINUNULIWI KWA JINA
Waingereza wanavyotafuta rimu za pikipiki zao za zamani, na somo kwa sisi wenye baiskeli

Mwezi huu katika ukurasa wa ufundi tumeamua kuongea habari ya kitu ambacho tunakiona kila siku lakini hatukiangalii. Ni rimu, au ringi kama wengi wetu tunavyoiita, ule mduara wa chuma unaobeba tairi. Na tutaanzia mbali kidogo, kwenye pikipiki za zamani za Kiingereza, halafu tutarudi hapa nyumbani.

Mtasema, sisi na pikipiki za Kiingereza wapi na wapi? Jambo lilianzia darasani. Kati ya vitabu na magazeti ya msaada tuliyopewa kwa ajili ya masomo ya jioni, kulikuwa na gazeti la wapenzi wa pikipiki za zamani huko Uingereza. Tulilitumia kufundishia Kiingereza. Vijana walipoelewa kwamba kuna watu wanatafuta rimu moja kwa miezi na miezi, walicheka sana. Mmoja akasema: "Mwalimu, mtu ana pesa, yuko kwenye nchi yenye maduka, anashindwaje kwenda kununua rimu?" Swali zuri. Tulipolifuatilia, tukaona jibu lake linafaa kila familia yenye baiskeli ukutani.

PIKIPIKI HAI, VIWANDA VIMEKUFA

Zamani Uingereza ilikuwa moja ya nchi kubwa duniani kwa kutengeneza pikipiki. Mji wa Birmingham ulikuwa na BSA, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1861 kwa kazi ya kutengeneza bunduki, baadaye ikaingia kwenye baiskeli na pikipiki. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia BSA peke yake ilitengenezea jeshi pikipiki za aina ya M20 zaidi ya 120,000. Coventry kulikuwa na Triumph, ambayo kiwanda chake kiliharibiwa na mabomu ya Wajerumani usiku wa 14 Novemba 1940, kikahamia Meriden. Kulikuwa na Norton pia, na Royal Enfield ya mji wa Redditch.

Wazee wetu wa upande wa Fizi na Baraka wanalijua jina la Che Guevara, yule aliyevuka Ziwa Tanganyika akitokea Kigoma mwaka 1965. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1952, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alisafiri na rafiki yake Alberto Granado kutoka Argentina juu ya pikipiki kuukuu ya Kiingereza, Norton 500. Iliharibika njiani tena na tena, mwisho ikafia Chile, wao wakaendelea kwa miguu na kwa kuomba lifti. Yaani hata wakati viwanda vilipokuwa vinafanya kazi, mtu aliyekuwa mbali na spea alikuwa na shida.

Halafu viwanda vyenyewe vikaanguka. Pikipiki za Japani ziliingia kwa nguvu miaka ya 1960, zilikuwa zinawaka haraka na hazivuji oili. BSA ikafilisika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kiwanda cha Triumph cha Meriden kikafungwa mwaka 1983. Baadhi ya majina hayo yamefufuliwa na watu wengine, na leo yanaandikwa kwenye pikipiki mpya, lakini ukimpelekea mwenye jina jipya gurudumu la mwaka 1950 hana cha kukupa.

Royal Enfield ndiyo yenye habari ya pekee. Mwaka 1955 iliungana na kampuni ya Madras, India, wakaanza kuunda huko pikipiki inayoitwa Bullet. Kazi ya Uingereza ilikwisha mwaka 1970, mama akafa, lakini mtoto wa India akaendelea kuzalisha. Ndiyo maana mwenye Bullet ya zamani ana nafuu kuliko wenzake.

KWA NINI HASA RIMU?

Injini inakaa na oili ndani yake, kwa hiyo chuma chake kinalindwa. Rimu haina bahati hiyo. Kwa nje imepakwa kromu inayong'aa, lakini ndani, pale tairi linapoficha, maji huingia kupitia matundu ya spoku na kukaa. Kutu inakula polepole bila mtu kuona. Unaweza kuiangalia pikipiki ukasema ni mpya kabisa, kumbe rimu imebaki kama ganda la yai.

Na hapa si habari ya urembo. Rimu ndiyo inayoshika mdomo wa tairi, na ndiyo inayovutwa na spoku zote kwa pamoja. Ikichanika pembeni ya tundu moja, spoku ile inalegea, jirani zake zinabeba mzigo wake, nazo zinakatika. Gurudumu la mbele likifanya hivyo kwenye mwendo, dereva hana nafasi ya kujitetea.

VIPIMO VITANO

Sasa tumjibu yule kijana. Kwa nini mtu asiende tu dukani? Kwa sababu akisema "naomba rimu ya BSA", muuzaji atamwuliza: BSA gani? Ile ndogo inayoitwa Bantam, au ile ya jeshi, au ile ya mashindano? Ya mwaka gani? Mbele au nyuma? Kampuni moja ilibadilisha habu na breki mara nyingi, na kila habu inadai rimu yake. Jina halitoshi. Kinachotafutwa ni vipimo, navyo ni vitano.

Cha kwanza ni ukubwa wa duara. Unaupata kwenye tairi lenyewe. Tairi likiandikwa 3.25-19, ile 19 ni inchi za rimu. Usipime kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, maana utapata inchi moja hivi ya ziada. Kipimo kinachukuliwa pale ndani, mdomo wa tairi unapokaa.

Cha pili ni upana. Unapimwa ndani, kutoka ukingo huu hadi ule, si nje. Kwa rimu za Kiingereza upana unaandikwa kwa herufi WM na namba. WM1 ni inchi 1.60, WM2 ni inchi 1.85, WM3 ni inchi 2.15. Tofauti ni ndogo, haifiki unene wa kidole, lakini tairi pana kwenye rimu nyembamba linakaa kama mtu mnene kwenye kigoda cha mtoto, kwenye kona linayumba.

Cha tatu ni idadi ya matundu. Pikipiki nyingi za Kiingereza za baada ya vita zina 40, nyingine ndogo zina 36. Habu ya matundu 40 haiwezi kuingia kwenye rimu ya 36. Hakuna ujanja hapo.

Cha nne ni mwelekeo wa matundu, na hiki ndicho kinawaangusha wengi. Angalia rimu ya pikipiki vizuri, utaona kila tundu limekaa kwenye kibonyeo, na kila kibonyeo kinaangalia upande wake. Kinaangalia kule spoku inakotoka kwenye habu. Habu yenye dramu kubwa ya breki inatoa spoku fupi zenye mwinamo mkali, habu nyembamba inatoa spoku ndefu. Ukichukua rimu ya habu nyingine, hata kama duara ni lile lile na matundu ni 40, spoku zitaingia zikiwa zimepinda shingoni. Zitakaza siku ya kwanza, utafurahi. Baada ya wiki chache zinaanza kukatika moja moja.

Cha tano ni kukaa kwa rimu juu ya habu. Rimu mara nyingi haiko katikati kabisa ya habu, imesogezwa upande kidogo ili kuacha nafasi ya breki au cheni. Mafundi wanaweka ubao ulionyooka kwenye ukingo wa dramu, halafu wanapima kutoka ubao hadi ukingo wa rimu. Kipimo hicho lazima kiandikwe kabla spoku hazijakatwa. Ukishazikata, gurudumu limekuwa lundo la vyuma na siri yake imepotea.

Kwa pikipiki za kale zaidi, zile za kabla ya miaka ya 1930 hivi, kuna la ziada. Nyingi kati yake zilikuwa na tairi ambalo ukingo wake unajishika kama kulabu ndani ya ukingo wa rimu, na linashikiliwa na upepo mwingi. Upepo ukipungua, tairi linaweza kuchomoka. Tairi la siku hizi halikai kwenye rimu ya namna hiyo, na tairi lile la zamani halikai kwenye rimu ya kawaida. Rimu na tairi ni mke na mume, ukibadilisha mmoja lazima umwulize mwenzake.

WANATAFUTIA WAPI

Njia ya kwanza ni watu. Uingereza kuna chama cha wenye pikipiki za kale, Vintage Motor Cycle Club, kilichoanzishwa mwaka 1946, na vipo vyama vingine vya BSA, vya Norton, vya Triumph. Mwanachama akikosa kitu anauliza wenzake, na mara nyingi yuko mzee mahali fulani mwenye kibanda nyuma ya nyumba, ndani kuna magurudumu matatu yanayoning'inia tangu hajaoa.

Njia ya pili ni masoko ya vyuma vya zamani. Kubwa na maarufu ni la Beaulieu, kusini mwa Uingereza, lililoanza mwaka 1967. Watu wanapanga chini vyuma vyao kama sisi tunavyopanga nyanya na mitumba. Mnunuzi mwenye akili anatembea na tepu ya kupimia mfukoni na karatasi yenye vile vipimo vitano. Asiye na karatasi anarudi nyumbani na rimu nzuri ya pikipiki ya mtu mwingine.

Njia ya tatu ndiyo iliyotushangaza zaidi. Rimu mpya bado zinatengenezwa! Yapo makampuni, kama Central Wheel Components ya Coleshill karibu na Birmingham, yanayouza rimu na kupanga magurudumu kwa pikipiki ambazo viwanda vyake vilishakufa. Inawezekanaje? Kwa sababu rimu huanza kama duara tupu lisilo na tundu hata moja. Duara la inchi 19 la WM2 ni lile lile kwa pikipiki nyingi. Kinacholifanya liwe la BSA hii au Norton ile ni matundu tu, idadi yake na mwelekeo wake. Ukileta vipimo, au ukileta rimu yako iliyooza pamoja na habu, fundi anatoboa kwa kufuata ile ya zamani.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, kiwanda kilikufa lakini vipimo havikufa. Na chuma kibovu chenye kutu, ambacho mtu asiyejua angekitupa shimoni, ndicho kitabu kilichobaki na vipimo vyote ndani yake. Mafundi wa kule wana sheria: rimu ya zamani haitupwi mpaka mpya imeshafungwa na imezunguka.

YA ZAMANI AU MPYA?

Wengine wanapenda rimu ya asili, yenye muhuri wa mtengenezaji kama Dunlop, kwa sababu wanataka pikipiki ibaki vile ilivyotoka kiwandani. Sawa. Lakini hiyo lazima ikaguliwe. Ilaze juu ya kioo au sakafu iliyosawazishwa, ikicheza imepinda. Chokoa ndani kwa msumari pale palipo na kutu. Msumari ukizama, usiinunue hata kwa bei ya chumvi. Angalia pembeni ya kila tundu kama kuna mpasuko mwembamba kama unywele.

Tena rimu ya zamani ikipelekwa kupakwa kromu upya, lazima kwanza isuguliwe mpaka kutu yote iishe. Kila kusugua kunapunguza chuma. Rimu iliyokuwa imechoka inatoka hapo inang'aa kama kioo na imekuwa nyembamba zaidi. Mng'ao si nguvu. Hili tuliandike ukutani.

Rimu mpya za chuma kisichoshika kutu zinagharimu zaidi lakini mtu anasahau habari ya kutu. Zipo pia za alumini, ni nyepesi, ila wazee wa kule wanalalamika kwamba pikipiki ya mwaka 1938 haikuwa nazo na sasa inaonekana imevaa viatu vya mjukuu.

NA SISI NA BAISKELI ZETU?

Sasa turudi nyumbani. Karibuni mama mmoja jirani yetu aliuza maharage yake ili atengeneze gurudumu la nyuma la baiskeli. Baiskeli hiyo ndiyo inayobeba maji, kuni, mgao siku ya kugawa, na mtoto akiugua usiku inampeleka zahanati. Akamtuma kijana wake mjini na pesa. Kijana akaomba "rimu ya baiskeli, ishirini na nane". Akapewa. Alipofika, fundi akahesabu matundu: 32. Akahesabu habu: 40. Kijana akarudi siku ya pili na muuzaji akasema mali ikishatoka dukani hairudi. Pesa ya maharage imelala ukutani, na yule mama amerudia ndoo kichwani.

Kwa nini 32 na 40? Hapo ndipo Waingereza wanapoingia kwetu kweli kweli. Baiskeli kubwa za Kiingereza za zamani, za Raleigh na BSA, zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko kwenye mzigo. India na China walipoanza kuunda baiskeli za namna hiyo, walifuata umbo na vipimo vile vile. Nyingi kati ya baiskeli nyeusi za inchi 28 zinazotembea humu kambini bado zina hesabu hiyo. Ila siku hizi kuna nyingine zenye 36 mbele na nyuma. Kwa hiyo usikisie. Hesabu.

Tunawashauri hivi kila familia yenye baiskeli:

1. Leo hii, kabla haijaharibika, hesabuni spoku za mbele na za nyuma. Andikeni kwenye daftari pamoja na namba zilizo kwenye tairi, kwa mfano 28 x 1½. Daftari la mtoto wa shule linatosha.

2. Rimu ikiharibika, msikate spoku kabla fundi hajaangalia rimu imekaaje, na imesogea upande gani.

3. Aendaye mjini aende na rimu ya zamani mkononi. Ni mzigo, ndiyo. Lakini mzigo wa rimu ni mwepesi kuliko mzigo wa hasara. Kama haiwezekani, achukue ile karatasi ya vipimo, na ahesabu matundu mbele ya muuzaji kabla ya kutoa pesa.

4. Angalieni breki. Baiskeli ya breki za vyuma, ambazo vipande vya mpira vinabana rimu kutoka ndani kuelekea nje, inataka rimu ya umbo lake. Breki zinazobana pembeni zinataka nyingine.

5. Gurudumu likishapangwa upya, wekeni utepe uliokatwa kwenye tyubu mbovu juu ya vichwa vya spoku, zisije zikatoboa tyubu mpya. Baada ya siku chache za kubeba mzigo, mrudishieni fundi akaze tena, maana spoku mpya hulegea kidogo. Fundi mzuri hatadai pesa kwa hilo.

6. Rimu ya zamani isiuzwe kwa wanunua chuma chakavu mpaka mpya imezunguka.

Vijana wetu wa ufundi nao tunawaambia: fundi mwenye tepu na daftari anaheshimiwa kuliko fundi mwenye maneno. Mteja akija, andika vipimo vyake na jina lake. Mwaka ujao akirudi utakuwa unajua kila kitu kabla hajashuka kwenye baiskeli. Wale Waingereza wangekuwa na madaftari ya mafundi wao wa zamani, wasingetafuta rimu mwaka mzima.

ZOEZI LA WATOTO

Watoto wapendwa, na ninyi mna kazi. Hesabuni spoku za gurudumu moja la baiskeli ya nyumbani au ya jirani, kwa kuomba ruhusa. Mkipata 32, 36 au 40, igawanyeni kwa nne. Mtaona haibaki kitu. Kwa nini iwe nne? Angalieni spoku zinatoka pande ngapi za habu, halafu angalieni kila upande zinaelekea njia ngapi. Atakayepata jibu alilete darasani kwetu jioni yoyote baada ya masomo. Majina ya waliopata yatatoka toleo lijalo.